Antena ya bondeni: shajara ya runinga ya Baba, Gatanga

Nyumba ya wazazi wangu iko Gatanga, kaunti ya Murang'a, chini kabisa ya mteremko, karibu na mto. Upande wa kusini-magharibi, ng'ambo ya mto, kuna mgongo mrefu wa kilima. Nyuma ya mgongo huo, kama kilomita 40, ndiko Limuru, kwenye mitambo inayoturushia runinga. Kilima kimetukalia machoni.

Enzi za analogi Baba alitazama taarifa ya habari kwenye picha yenye chenga na hakulalamika. Mwaka 2015 analogi ilipozimwa, chenga ziliondoka na picha nayo ikaondoka. Dijitali haina nusu: ama unaona vizuri, ama picha inaganda, inakatika vijisanduku, kisha giza. Tulilipia king'amuzi cha dishi miaka kadhaa, tukashindwa kuendelea. Sasa, Julai 2025, mashindano ya soka ya Afrika, CHAN, yanakuja nyumbani kwetu, yanaanza tarehe 2 Agosti, na Baba ameniambia jambo moja tu: "Binti yangu, nataka kuwaona Harambee Stars kwa macho, nimechoka kuwasikia redioni." Nafanya kazi Ruiru, kwa hiyo mradi huu unaendelea wikendi kwa wikendi.

5 Julai 2025: Kujua tulicho nacho

Saa nzima ya leo imepotea kwa kisanduku cha zamani cha king'amuzi nilichokikuta juu ya kabati. Kilikuwa kizima, taa inawaka, lakini hakikupata chaneli hata moja. Nikageuza nikasoma kibandiko: DVB-T, mfumo wa kwanza wa dijitali ya antena. Kenya ilianza matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo huo, baadaye ikahamia DVB-T2, na kisanduku cha DVB-T hakiwezi kuusoma T2 hata ukikiweka chini ya mlingoti wenyewe wa Limuru. Kisanduku nimekirudisha kabatini. Runinga ya sebuleni, inchi 32, ina T2 ndani yake, basi hatuhitaji kisanduku.

Kosa la pili lilikuwa kwenye menyu: runinga ilikuwa inatafuta chaneli za kebo badala ya za antena. Hilo lilirekebishwa kwa kubonyeza mara mbili.

Kwa antena ndogo ya ndani: nguvu 31, ubora 0. Runinga nyingi huonyesha mistari hii miwili ukiingia sehemu ya kutafuta chaneli kwa mkono. Nguvu ni wingi wa kile kinachoingia, pamoja na takataka zake. Ubora ni kiasi ambacho runinga imeweza kukielewa. Tangu leo naandika vyote viwili, kila jaribio.

12 Julai: Antena ya rimoti

Nimenunua Thika antena ya nje yenye mota, inayozungushwa kwa rimoti, yenye busta (kikuza mawimbi) ndani yake. Shilingi 2,800. Boksi limeandikwa kilomita mia kadhaa. Nilipaswa kusimama hapo hapo dukani nikafikiri, maana mawimbi ya runinga husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga, na hakuna antena inayoona kupitia kilima.

Tumeifunga kwenye bomba la mita 6, lile tulilonunua 2,400, pembeni mwa nyumba. Mimi juu ya ngazi, binamu yangu chini, Mama mlangoni akitusomea tarakimu. Nguvu ikapanda hadi 74, na sote tukashangilia. Ubora: 0, halafu 18, halafu 0. Tumezungusha antena mzunguko mzima mara mbili. Chaneli moja ilionyesha uso wa mtangazaji kwa sekunde tatu, ukavunjika vipande.

Nilipopiga simu dukani, ushauri ulikuwa ninunue busta kubwa zaidi. Nimekataa. Nguvu ninayo tayari. Kinachokosekana ni mawimbi safi, na busta haiumbi kisichokuwapo. Kuirudisha antena nako kumeshindikana kwa sababu boksi lilishafunguliwa. Hizo 2,800 nimezihesabu hasara.

19 Julai: Wilibaro shambani

Hii ndiyo siku ambayo mradi uligeuka, na haikugharimu chochote. Laiti ningeanza nayo.

Shangazi anaishi juu ya mgongo upande wetu, na runinga yake huonyesha vizuri kwa antena ya kawaida isiyo na busta. Nikamwomba aniazime antena hiyo kwa siku moja. Jirani akaniazima runinga ndogo ya sola ya inchi 19, inayotumia betri ya volti 12. Nikapakia runinga na betri kwenye wilibaro, binamu akashika mwanzi wa mita 4 wenye antena kileleni, kebo ya mita 5 kati yetu, tukaanza kupanda shamba. Dira ya simu inaonyesha Limuru iko kama digrii 245 kutoka kwetu, na kila tuliposimama tulielekeza huko.

Pembeni mwa nyumba: nguvu 22, ubora 0. Kando ya zizi, mita 25 juu: nguvu 30, ubora unatetemeka kati ya 12 na 20. Katikati ya kahawa: 41 na 55, na hapo picha ya kwanza ikakaa. Mwisho wa shamba, karibu na njia ya miguu: nguvu 58, ubora 92. Baba alikuwa amepanda nyuma yetu na fimbo yake. Akaketi kwenye jiwe, akatazama habari za saa saba zote, jua likimwakia kwenye kioo, na hakuna aliyethubutu kusogeza wilibaro.

Tulikuwa tumerudi nyuma, mbali zaidi na Limuru, ndipo tukaipata. Ukiwa chini karibu na mto, mgongo wa ng'ambo ni ukuta. Ukipanda mteremko wako mwenyewe, kichwa chako kinavuka kile kilima, na mawimbi yanayopita juu yake yanakufikia. Wenye nyumba za bondeni, msikimbilie kurefusha bomba nyumbani. Tembeeni kwanza.

Mambo mawili zaidi ambayo nisingeyajua bila wilibaro. Hatua tatu tu kushoto mwa lile eneo zuri, nyuma ya miti miwili ya mikima, ubora ulishuka kutoka 92 hadi 60, na manyunyu yalipopita na majani kulowa ukashuka hadi 48. Halafu tulipoiinua antena kutoka mita 2 hadi 4, ubora ulipanda. Tulipounga mwanzi hadi mita 5 ukapungua kidogo, 88. Mawimbi yanayogonga vilima na miti hukutana na yale yanayokuja moja kwa moja, mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana. Kwa hiyo urefu wa mlingoti unapimwa, haukisiwi.

20 Julai: Kuchagua antena

Nimenunua kama ya shangazi: Yagi ya UHF (masafa ya juu ya runinga), haina mota, haina busta, shilingi 2,200. Umbo hili, vijiti vilivyopangwa kwenye uti mmoja, lilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na mimi naliona zuri hadi leo. Husikia sana upande mmoja na kuziba sikio pande nyingine, na hicho ndicho tunachotaka mahali penye mwangwi wa vilima.

Dukani mtaonyeshwa antena kubwa zenye vijiti vya zaidi ya mita moja. Vijiti hivyo ni vya VHF, masafa ya chini zaidi yenye mawimbi marefu. Dijitali yetu iko UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Wimbi la 470 lina urefu wa sentimita 64, la 694 sentimita 43, na kijiti kinachopokea huwa karibu nusu ya hapo: sentimita 21 hadi 32. Vijiti virefu kuliko hivyo vitakuletea upepo tu. Nilikwenda na utepe wa kupimia, nikapima mbele ya muuzaji.

26 na 27 Julai: Mlingoti, na viungo vya kebo

Kuhamisha bomba, kuchimba shimo la sentimita 60, saruji na kokoto (400), waya tatu za kuvuta pamoja na vigingi na klampu (950): asubuhi moja. Antena iko mita 4 kutoka ardhini kama mwanzi ulivyotuonyesha, vijiti vimelala sambamba na ardhi kama vya majirani wote.

Kutoka mlingoti hadi sebuleni ni mita 75. Nilikuwa na mita 30 za kebo iliyobaki kwenye dishi la zamani, nikaona niokoe pesa, nikanunua mita 45 za kebo nyembamba nyeupe kwa 20 kila mita. Nikaunga: nikamenya, nikasokota shaba kwa shaba na wavu kwa wavu, nikafunga kwa utepe wa stima. Viungo vitatu.

Chini ya mlingoti, kwa runinga ndogo: ubora 93. Sebuleni: 0. Nilirudia mara nne. Nusura nilie, maana Baba alikuwa ameshapangusa kioo cha runinga na kuwaita wazee wawili wa kanisani.

Kebo ya antena si waya wa taa. Uzi wa katikati, plastiki nyeupe na wavu wa nje vimepimwa umbali wao ili kebo iwe ya omu 75 (kipimo cha ukinzani wake kwa mawimbi) kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukimenya na kusokota unaharibu kipimo hicho, na mawimbi yanagonga hapo na kurudi yalikotoka. Ile kebo nyembamba nyeupe nayo ilikuwa na wavu wa nyuzi za kuhesabika. Hasara ya pili: 900.

Jumapili nimenunua kebo ya antena aina ya RG6, nzima isiyo na kiungo, mita 75 kwa 45, jumla 3,375, na konekta sita za kubana, 180. Sebuleni sasa: nguvu 33, ubora kati ya 41 na 50. Chaneli chache zinaonyesha, nyingi zinakatika. RG6 hupoteza karibu desibeli 17 au 18 kwa kila mita 100 kwenye masafa haya. Kwa mita 75 ni karibu 13, yaani kinachofika nyumbani ni kama sehemu moja kati ya 20.

2 Agosti: Busta mahali pake

Jirani aliniazima busta ya kuweka nyuma ya runinga. Nguvu ikaruka kutoka 33 hadi 70. Ubora: 44. Hakuna kilichobadilika machoni.

Nimeieleza nyumbani hivi, na Mama ndiye aliyeielewa kwanza kwa sababu ndiye anayepeleka maziwa. Maziwa yakishachanganyika na maji njiani, huwezi kuyarudisha kwa kuyamimina kwenye ndoo kubwa. Utapata ndoo kubwa ya maziwa na maji. Busta ya sebuleni inakuza mawimbi yaliyochoka pamoja na kelele zilizoyazidi. Ikiwekwa kule juu, mita moja kutoka antena, inakuza mawimbi yakiwa bado safi, halafu kebo inapoteza kutoka kwenye akiba.

Nimenunua busta ya mlingotini, 1,600. Ina vipande viwili: kimoja kinafungwa juu, kingine kinachomekwa kwenye stima sebuleni na kupeleka umeme mdogo kupitia kebo ile ile. Saa mbili zilipotea kwa sababu nilibadilisha matundu mawili ya kile kipande cha ndani. Tundu la antena ndilo linalotoa umeme kwenda juu. La runinga halitoi. Ukiyageuza, busta inakaa haina umeme na inakuwa kizuizi: nguvu 9, ubora 0. Someni maandishi madogo yaliyo kando ya kila tundu.

Baada ya kurekebisha: nguvu 68, ubora 90. Chaneli zaidi ya 60. Saa moja na robo jioni Baba alishika rimoti na hatukuipata tena.

3 Agosti: Upepo

Kenya na DR Kongo, saa tisa alasiri, Kasarani. Sebule imejaa. Bao la Austin Odhiambo mwishoni mwa kipindi cha kwanza tuliliona bila kasoro, na kelele zake zilisikika hadi ng'ambo. Kipindi cha pili picha ilianza kuganda. Nikapanda mbio. Antena ilikuwa imegeuka, kama upana wa viganja viwili, kwa sababu niliifunga kwa klampu moja, na upepo wa alasiri huku hutoka bondeni kwa nguvu. Nikairudisha kwa mkono na kuishikilia nimesimama juu ya ngazi hadi kipenga cha mwisho. Tulishinda 1-0, na nilijua kwa vifijo vilivyokuja kutoka chini.

Marekebisho: klampu mbili zilizoachana sentimita 15, nati za kujifunga, na mstari wa rangi nyekundu uliochorwa kupita kwenye klampu na bomba, ili kugeuka kokote kuonekane ukiwa chini.

10 Agosti

Ubora 90 tangu asubuhi. Morocco tumewatazama dakika zote, wetu wakiwa kumi uwanjani, bao moja likatosha. Sijagusa chochote.

13 Septemba: Jembe, na radi

CHAN ilituishia robo fainali tarehe 22 Agosti, kwa penalti dhidi ya Madagascar, na Baba hakula chakula cha jioni. Antena haikuwa na lawama.

Kebo niliilaza tu juu ya nyasi, nikaahidi kuifukia baadaye. Mama akipalilia aliikata kwa jembe. Aliumia moyo kuliko nilivyoumia mimi, ingawa kosa lilikuwa langu kabisa. Nimeiunga kwa konekta mbili na kiungo cha kati kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ubora umeshuka 2 tu. Kisha nimeipitisha yote ndani ya mpira mweusi wa maji wa nusu inchi (mita 75 kwa 20, jumla 1,500) na kuufukia sentimita 40.

Pia mvua zinakaribia, na mlingoti wa chuma juu ya mteremko haupaswi kuachwa hivi hivi. Nimepigilia fimbo ya shaba ardhini mguuni pake na kuiunga na bomba kwa waya mnene mfupi, 1,100. Haizuii radi kupiga. Inausaidia umeme kupata njia ya ardhini badala ya kufuata kebo hadi sebuleni. Na mbingu zikinguruma, Mama ana ruhusa ya kuchomoa stima na kebo bila kumwuliza mtu, hata kama ni dakika ya 89.

8 Novemba: Maji

Kwa wiki mbili Baba amekuwa akinipigia simu: asubuhi 60, mchana 80, baada ya mvua 35. Nilidhani ni majani ya mikima. Nikakata matawi, hakuna mabadiliko.

Leo nimefungua konekta ya antena na maji yakadondoka kwenye kiganja changu. Wavu umekuwa mweusi. Kebo ilishuka kutoka antena moja kwa moja ndani ya busta, kwa hiyo kila tone lililoufuata mgongo wake liliishia kwenye konekta, ambayo nilikuwa nimeizungushia utepe wa stima tu. Utepe huo hukauka juani na kufunguka.

Nimekata sentimita 80 hadi nikaona shaba inayong'aa. Konekta mpya, juu yake utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe (250), unaovutwa hadi uwe mwembamba na kuzungushwa kuanzia chini kwenda juu, mizunguko ikilaliana kama vigae. Kebo sasa inaning'inia chini ya konekta kabla ya kupanda kuingia, maji yadondokee hapo. Ubora 89, na umebaki hapo mvua ikinyesha.

20 Desemba: Hesabu

Vilivyobaki kazini: antena 2,200, bomba 2,400, waya na klampu 950, saruji 400, kebo 3,375, busta 1,600, konekta 180, mpira 1,500, fimbo na waya wa ardhini 1,100, utepe 250. Jumla 13,955. Hasara: antena ya mota 2,800 na kebo nyembamba 900, yaani 3,700. Zote pamoja 17,655, bila nauli. Nilikuwa nimepanga kutumia 10,000. Kama ningeanza na wilibaro na kununua kebo nzima siku ya kwanza, ningeokoa zile 3,700.

Jirani wa ng'ambo ya mto ameomba tumpimie. Kwake mteremko unatazama upande mwingine, basi tutaanza upya kutafuta mahali, tarehe 27. Runinga ndogo na betri viko tayari.

Baba anaandika ubora kila jioni kwenye daftari lile lile la kilo za kahawa, safu ya kulia. Tangu tarehe 8 Novemba hakuna siku iliyo chini ya 86, isipokuwa moja, ambayo ameandika kando yake: radi, Mama alichomoa.